Kama Una Kibuyu Nyumbani, Usinifungulie Tovuti

Bwana asifiwe. Lakini msinijibu amina bado, nisikilizeni kwanza, kwa sababu wengi wenu mlioketi hapo mbele ndio mlionimaliza, na mlinimaliza kwa upendo. Mama mchungaji amenipa dakika kumi. Hasira yangu peke yake inahitaji ishirini, ila nitajaribu.

Mnanijua. Nilikuwa karani wa kupima majani kwenye kituo cha chai hapa Sosiot, kabla ya kuacha kazi nianze kuuza vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye mtandao. Niliwaza hivi: watu wetu walio mbali wanakunywa maziwa ya pakiti huku roho inalia nyumbani, kwa hivyo soko liko. Nikaenda Sigor kwa senge yangu, dada ya baba, nikamwambia yeye na wamama wa kikundi chake wapande vibuyu, mimi nitauza. Wakapunguza mahindi wakapanda vibuyu, kwa neno langu tu. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi.

Fundi mmoja wa mjini akanitengenezea tovuti. Ilikuwa nzuri, siwadanganyi. Picha moja kubwa ya kibuyu kikiwa juani, na chini yake maneno: Fahari ya Mababu Zetu. Basi, hakuna kingine. Na ile picha ilikuwa nzito! Siku mtandao umechoka, ungeibonyeza uende ukamue ng'ombe, urudi uikute bado inafunguka.

Fundi alinionyesha mahali pa kuangalia idadi ya wageni. Mwezi wa kwanza walikuwa saba. Watano kati yao ni mimi.

Ndipo nikaja hapa kuomba maombi. Mliniombea, Mungu awabariki. Halafu mmoja wenu, simtaji na asijifiche nyuma ya kitambaa, akasimama akasema, "Huyu dada yetu hatuwezi kumwacha. Kila mtu afungue tovuti yake kila asubuhi!" Mkapiga makofi. Ndugu zangu, mliwahi kuona wapi harambee ya kubonyeza? Mlibonyeza mkiwa kwenye foleni ya majani, mkabonyeza mkingoja gari la maziwa. Kwaya ilipeana zamu. Wageni wakatoka saba wakafika mamia, na mimi nikacheza jikoni peke yangu. Nilizoea mizani ya kituo: nambari ikipanda, kazi imeenda. Nikampigia senge simu nikamwambia waongeze shamba, watu wanakuja kwa wingi.

Wakaongeza. Na hakuna mtu aliyenunua hata kibuyu kimoja.

Mavuno yakaja, vibuyu vikakauka, vikaletwa kwangu. Vilijaa chumba cha wageni, vikaingia chini ya kitanda, vikafika mahali mume wangu anatoa kibuyu kwenye kiti ndipo aketi. Nikabandika matangazo Silibwet stendi nzima, mvua ikayaosha. Fundi akaniambia nimlipe aniletee wageni wengine zaidi. Nikamwambia, hata hawa nilio nao wamenishinda, wengine nitawaweka wapi?

Kisha senge akapiga simu. Yeye hapigi simu ovyo. Akasema, "Mtoto ya ndugu yangu, hawa wamama wanasema mvua ikikuja wanarudisha mahindi. Mimi ndio niliwaambia wakuamini. Sasa nitawaangalia na macho gani?" Nililia, na sioni haya kusema.

Wiki hiyohiyo mama mmoja akaja mlangoni kwangu amekasirika. Ana duka Silibwet, watu wake walitoka Kiambu zamani, kwao hakuna mursik, na kijana wake ameoa msichana wetu. Wakwe walimpa kibuyu, nacho walikuwa wamekinunua kwangu nilipokuwa nikiuza vichache sokoni, kabla ya tovuti. Akakiweka mezani.

"Hii kitu yako inanuka," akasema. "Nimeosha na sabuni, nimeosha na maji moto, bado inanuka."

Sabuni! Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mama, kibuyu hakioshwi na sabuni. Si unachoma kijiti cha senetwet, unasugua ndani na ile makaa yake? Hiyo kila mtu anajua."

Akaniangalia. Hakucheka. "Mimi si kila mtu," akasema. "Niliuliza simu yangu nikakosa jibu. Na siwezi kuuliza mke wa kijana yangu, ataniona mjinga. Wewe unauza hii kitu kwa mtandao, mbona hukuandika?"

Akatoa simu anionyeshe alichokuwa ameuliza: kibuyu cha maziwa kinanuka nifanye nini. Tovuti yangu haikuwa hapo. Ingekuwaje hapo? Nani mwenye kibuyu kinachonuka anaandika Fahari ya Mababu Zetu?

Alipokuwa bado ameketi nikafungua zile hesabu za wageni. Kumbe zinaonyesha hata mgeni ametoka wapi, na mimi sikuwahi kuangalia, nilikuwa nimelewa na idadi. Karibu wote walitoka Sosiot na hapa jirani. Yaani nyinyi! Watu wenye vibuyu vitatu kila mmoja, vimening'inia ukutani! Mlikuwa mnaingia, mnanibariki, mnatoka. Nilitaka kuwakasirikia, lakini nani aliyewaomba? Ni mimi.

Basi nikamshika yule mama mkono nikamwambia, "Usiende. Niulize kila kitu." Akauliza mpaka chai ikaisha kwenye birika. Kibuyu kipya kinatolewaje uchungu? Maziwa yanachemshwa kwanza? Yanakaa siku ngapi? Nisipopata senetwet, nitumie mti gani? Mengine ni maswali ambayo kwetu mtoto wa darasa la tatu angeona aibu kuyauliza. Nikaandika yote, kwa maneno yake, vile alivyoyasema.

Nikapeleka maswali Sigor. Senge akakataa kabisa. "Mambo ya jikoni uandike dunia nzima isome? Msichana anafundishwa na mama yake!" Nikamuuliza, na yule ambaye mama yake hakuwa na kibuyu afundishwe na nani? Halafu akaangalia vile vibuyu vilivyobaki kwake, vimepangwa mpaka darini. Akasema sawa, nipige picha ya mikono tu, uso wake niuache.

Kila swali nikaliandikia ukurasa wake, na swali lenyewe likawa kichwa cha ukurasa. Picha zikawa ndogo, za kufunguka haraka. Ile Fahari nikaifuta. Miezi miwili hakuna kitu, na nilikuwa karibu kuvunja simu. Baadaye wageni wakaanza kuingia mmojammoja, kutoka Nakuru, kutoka Mombasa, kutoka mahali kuna theluji. Hawakuwa mamia. Lakini hawa walisoma, na wakishasoma wanauliza, "Na kibuyu chenyewe napata wapi?"

Mtangazaji mmoja wa redio ya lugha yetu naye alikuwa akitafuta jambo la kuzungumzia asubuhi, akakuta ile mikono. Akamwalika senge. Senge, aliyeficha uso, akaenda redioni akamkaripia mtangazaji kwa sababu huyo mtangazaji alikubali mbele ya watu kwamba anaosha chake na sabuni. Watu walicheka wilaya nzima, na waliocheka wakawatumia jamaa zao walio mbali kurasa zangu. Juma lile mume wangu aliketi kwenye kiti bila kutoa kibuyu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru senge na wamama wa Sigor, ambao mvua ilipofika walipanda vibuyu tena. Namshukuru yule mama wa Silibwet aliyekubali kuonekana hajui, na mimi ninayejua nikafundishwa naye. Na nyinyi nawashukuru, kwa kweli, hata kama mmenizeesha.

Funzo langu ni hili. Ukiwa na biashara, usihesabu wanaokupenda. Mtafute asiyejua, umsikilize anavyouliza, umjibu kwa maneno yake. Na nawaomba kwa jina la Yesu, kuna mmoja wenu bado anaingia kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, namwona: kama una kibuyu nyumbani, usinifungulie. Mpigie yule mkwe wako aliye mbali, mwambie mahali pa kuuliza bila aibu.

Sasa mnaweza kusema amina. Mara moja tu, inatosha.