Goti la Marehemu

Gari la kutoka Bungoma lilikuwa limeshapita kituo cha Kamukuywa, Kabura aliposhindwa kunyamaza. Alimweleza mama aliyeketi kando yake, mtu ambaye hakumjua hata jina, kwamba mwanawe huyu aliyelala mapajani, wa miaka minne, ameanza kuchechemea na daktari amepima mguu asione kitu.

"Tulimwita Ndirangu, jina la baba mkwe wangu, marehemu. Mzee alikuwa na goti bovu. Sasa mjane wake, nyanya ya mtoto, anamwita bwana yangu, kila asubuhi anamuuliza goti limeamkaje. Na mtoto anajibu!"

Dereva akapunguza redio, kitu ambacho hafanyi hata akisimamishwa na polisi.

"Si ni mchezo tu, bana," mama yule akasema. "Ataacha akienda shule."

"Na asipoacha? Juzi nimemuuliza, wewe ni nani? Ati, mimi ni mzee."

"Hata mimi niliitwa jina la shangazi. Walisema hakujua kuimba. Basi kanisani mimi hufungua mdomo tu, sauti sitoi."

"Kwani ulishawahi kujaribu?"

Mama yule aligeukia dirisha.

Walipofika Kitale mtoto aliruka chini, akafukuza kuku wa watu kwa miguu yote miwili, na Kabura akashusha pumzi. Kisha nyanya akaita kutoka ng'ambo ya barabara, "Bwana yangu amefika!"

Mtoto akasimama, akashika goti, akamwendea akichechemea.