Hatua Tatu za Mama Herufi

Mama Herufi amekufa. Ameanguka kutoka juu ya paa la nyumba aliyokuwa akiishi, Jumamosi, saa nne asubuhi, jua linawaka. Mkononi alikuwa na kisanduku kipya cha rangi za maji. Alikuwa nacho kwa siku tisa tu.

Wasikilizaji wapendwa, nimeisoma habari hii mara nne kabla ya kukaa mbele ya maikrofoni, na bado haijaniingia. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Mama Herufi, mwandika mabango, ameanguka kutoka paani na amekufa. Mwanamke aliyepanda ngazi kwa miaka thelathini na moja, hakuanguka hata siku moja.

Ukitaka kumjua, chungulia nje. Duka la dawa, kinyozi, fundi viatu, lango la kituo hiki cha redio: herufi zile ni mkono wake. Alikuja hapa na makopo mawili ya rangi na ngazi begani. Akaandika, akashuka, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Hiyo R imelewa," akasema.

Sisi tuliiona imenyooka kama rula. Akapanda tena, akaifuta, akaiandika upya. Meneja wetu akamuuliza, "Sasa mama, nani angeona?" Akamjibu, "Mimi nimeshaona. Wewe katangaze."

Hatua tatu nyuma, jicho moja limefumbwa. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Mumewe ni seremala, na ameniambia kwamba mkewe alikuwa na sheria moja tu. "Shuka kwanza, ndipo urudi nyuma. Ukiwa juu, usirudi. Hata mimi nikipanda juu ya meza kubadilisha balbu, alikuwa ananipigia kelele."

Miaka miwili iliyopita magoti yaligoma. Daktari akamwambia kazi ya ngazi basi. Mwingine angekaa sebuleni akisimulia enzi zake. Yeye akanunua karatasi nzito na rangi za maji, akaanza kutoka nje kuchora. Alichora stendi, kituo cha mafuta, watu kwenye foleni ya posta. Alichora ameketi kwenye stuli ya kukunja, karatasi mapajani, na pembeni paleti yake, yaani kile kibao cha kuwekea na kuchanganyia rangi. Ilikuwa ya plastiki, pana kama sinia, haina kifuniko. Ukisimama nayo, maji yanamwagika. Ukitembea nayo, bluu inaingia kwenye nyekundu, unapata tope. Kwa hiyo alikaa. Akikaa saa mbili, magoti yanakuwa kama mlango uliopata kutu. Kuinuka ilikuwa mpaka ashikwe kwapani.

Aliyemshika ni binti yake, mshonaji, anayeishi nao hapo ghorofa ya tatu. Huyu ndiye aliyempeleka dukani kununua kisanduku kipya cha rangi. Na huyu ndiye aliyenisimulia siku hiyo, akaniomba niiseme yote hewani, nisifiche kitu.

Muuzaji aliweka vitu vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza, sinia jingine la plastiki, lenye vishimo ishirini na vinne. Cha pili, kisanduku kidogo sana, kila rangi ukubwa wa kidonge. Cha tatu, kisanduku cha bati, ndani cheupe, rangi kumi na mbili. Kifuniko chake ukikifungua ndicho sehemu ya kuchanganyia, na chini yake kuna pete ya kuingiza kidole gumba.

Mama Herufi akakiangalia kile kidogo. "Hiki ni cha kuchorea nini, kope?"

"Bi mkubwa, kinaingia mfukoni," muuzaji akasema.

"Hata leso inaingia mfukoni. Nichoree nayo?"

Akachukua cha bati. Akaomba maji kwenye kikombe. Akajaribu brashi yake pana kama inaingia kwenye vishimo. Ikaingia. Akaingiza kidole kwenye pete, akatikisa mkono. Rangi hazikudondoka. Akatembea mpaka mlangoni akarudi, akatembea tena. Robo saa nzima, na watu wamejipanga nyuma yake.

"Mama, chukua hicho," binti akasema. "Hicho utasimama nacho. Lile sinia ndilo linalokufunga kwenye stuli."

"Unanisimamisha uzeeni, mwanangu?"

"Ndiyo, nakusimamisha. Nimechoka kukunyanyua kama gunia la mkaa."

Duka zima likacheka. Muuzaji alicheka, waliokuwa kwenye foleni walicheka, na Mama Herufi alicheka kuliko wote. Wakaondoka na kisanduku cha bati.

Seremala akamtengenezea egemeo la miguu mitatu la kuwekea karatasi. Siku nane mama alichora amesimama. Na miguu iliposimama, ikakumbuka kazi yake ya zamani. Anachora, anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho, anarudi mbele. Alifanya hivyo posta. Alifanya hivyo stendi. Nyuma yake kulikuwa na ardhi, basi.

Siku ya tisa alipanda paani.

Paa lile ni la zege, tambarare. Wapangaji wanaanika nguo huko. Kuna tangi la maji, kuna viti viwili, kuna mpira wa watoto. Pembeni pana ukuta. Ukuta huo unafika magotini. Narudia, wasikilizaji: magotini.

Binti alikuwa anaanika mashuka, kibanio cha nguo mdomoni. Mama akasimamisha egemeo lake, akamgeukia binti, mgongo akaupa ukingo.

"Kaa hapohapo. Nataka shuka likiwa na upepo."

"Mama, mkono unauma."

"Vumilia. Nimebakiza uso tu."

Akarudi nyuma atazame. Moja. Mbili. Ya tatu, ukuta ukamkata nyuma ya magoti.

"Alikuwa ananitazama mimi," binti aliniambia. "Jicho moja amefumba. Nikamwona anatabasamu, kama mtu aliyegundua kilichokuwa kinakosekana. Halafu sikumwona."

Waliokimbilia chini walimkuta na pete bado ipo kidoleni.

Nilimuuliza seremala swali ambalo kila mtu analiuliza. Mtu mwenye sheria ile, amesahau vipi? Akasema, "Kule juu kuna nguo. Kuna viti, kuna mpira. Miguu yake ilidhani iko chini."

Sasa niseme jambo bila kuzunguka. Siku ya pili ya msiba, kwenye ngazi za nyumba ile, mtu mmoja alisema kwa sauti, "Aliyemnunulia kile kibati ndiye aliyemsukuma." Binti alikuwa anapita na ndoo. Alisikia. Tangu siku hiyo hajagusa cherehani, na chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Siku ya mazishi alifika mpaka lango la makaburi, akasimama hapo nje. Hakuingia. Watu walimzika mama yake, naye amesimama barabarani.

Baba yake alitoka akamfuata pale langoni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mwanangu, ule ukuta nimeuona miaka kumi na tisa," alisema. "Seremala mzima mimi. Mbao tatu tu zingetosha kuuinua. Wewe ulimpa mama yako siku tisa za kusimama. Mimi sikumpa hata ubao."

Binti alimshika mkono. Jioni yake akanipigia simu, akaniomba niisimulie habari hii hewani, watu wajue kosa ni lake.

Dada, nimeisimulia. Yote, ya dukani na ya paani. Nimeisikiliza mwenyewe ninapoisema, na sioni kosa lako. Naona mtoto aliyetaka mama yake asimame. Na wewe uliyesema yale kwenye ngazi, unajijua. Panda ghorofa ya tatu ukayafute. Usimtume mtu.

Kwa seremala, kwa binti, na kwa wapangaji wote wa nyumba ile, sisi wa kituo hiki tunawapa pole, na lango letu litabaki na herufi zake zilezile. Na ninyi wasikilizaji wapendwa, kama mnaanika nguo juu ya paa, leo hii pandeni mkapime ukuta kwa mguu wenu. Ukiishia gotini, msilale kabla hamjaita fundi.

Ile picha ipo. Nimeiona. Shuka limejaa upepo. Mikono ya binti ipo, na kibanio mdomoni mwake hakipo, kwa sababu mdomo wenyewe haupo. Mahali pa uso ni karatasi tupu.

Rangi kumi na mbili, alizitumia nne. Siku tisa. Picha sita, zilizokwisha ni tano. Mbao tatu ambazo hazikupigiliwa. Hatua tatu. Mama mmoja.