Dorine Aliyengoja Uyoga Ufunguke

Mpendwa wetu Dorine Isidori Luambano alizaliwa tarehe 9 Machi 1990, Mshangano, Songea, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Isidori Luambano na Mama Walburga, ambaye wengi wenu mliopo hapa mmekula uyoga wake. Alizaliwa mvua ikimwagika, na mama yake alizoea kusema kwamba angejua mapema mwanawe atakuwaje, angemzaa kiangazi.

Elimu ya msingi aliipata hapo hapo Mshangano na kuhitimu mwaka 2003, kisha akasoma sekondari mjini hadi kidato cha nne, mwaka 2007. Hakuwa mwanafunzi wa kutisha, na mwenyewe hakuficha. Siku za mvua alipita kwanza na mama yake kwenye vichuguu kuchuma uyoga, akachelewa shule, na viatu vyake vilisema kila kitu kabla mwalimu hajauliza.

Mwaka 2011 alifungua studio ndogo Majengo. Picha za pasipoti, kipaimara na harusi ndizo zilizomlisha. Za uyoga ndizo alizozipenda. Mvua za kwanza zikishuka tu, studio ilifungwa asubuhi nzima. Alilala kifudifudi kwenye tope, kamera puani, apate ule upande wa chini ambao mpita njia hauoni. Mama Walburga alimcheka na kumgombeza kwa pamoja. Tena walikuwa na ugomvi wa kweli. Muuza uyoga huuchuma ungali umefumba, maana ukifunguka huvunjikavunjika kwenye beseni, na funza nao hawachelewi. Mpiga picha anataka ufunguke. Walizozana kwenye kichuguu kimoja msimu baada ya msimu, mpaka wakaelewana: Mama achume wote, abakize mmoja. Huo uliitwa wa Dorine, na hata mteja mwenye kubembeleza nyongeza hakupewa.

Tarehe 20 Agosti 2016 alifunga ndoa takatifu na Leonce Nyoni, fundi seremala. Siku hiyo, akiwa bado ndani ya shela, alimwelekeza mpiga picha asimame wapi, na bwana harusi akasubiri. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Pamela.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi studio, nasi tukajipa moyo. Baada ya Krismasi ya mwaka jana hali ilibadilika, akalazwa. Siku chache baadaye vichwa vya uyoga vikatokeza kwenye kichuguu chao, yeye akiwa wodini. Hapo Mama Walburga akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya tangu aanze biashara: hakuchuma hata mmoja. Wateja walimshangaa, wengine wakanuna. Yeye alimngoja mwanawe. Alimpigia simu kutoka shambani asubuhi kwa asubuhi, akimwambia, "Bado umefumba, mwanangu. Wewe pona kwanza."

Jumatano, tarehe 14 Januari 2026, uyoga ulifunguka. Mama alipopiga, Leonce alimwekea mkewe simu sikioni. Kwa sauti ya mbali Dorine akauliza, "Mama, chini yake kukoje?"

Mama Walburga ana miaka sitini na saba na magoti mabovu. Alilala kifudifudi kwenye tope, na kitenge chake, akaingiza kichwa chini ya uyoga na kuanza kumweleza. "Kweupe, mwanangu. Kuna mikunjo myembamba, myembamba kweli, imebanana kama kurasa za kitabu cha sala. Pembeni pamechanika kidogo. Kuna mdudu mmoja anatembea, wala hana haraka."

Dorine alikata roho akisikiliza. Leonce aliona, lakini hakuwa na mdomo wa kumkatiza mkwewe. Aliishikilia simu pale pale sikioni mwa mkewe mpaka Mama alipomaliza kueleza yote na kuuliza, "Umesikia, mwanangu?"

Dorine ameacha mume, Leonce; binti, Pamela, anayesoma darasa la pili; kaka, Calvin; na Mama Walburga, ambaye katika familia nzima hatujapata mtu wa kumjibu lile swali lake.

Mungu akupokee, Dorine, na upumzike kwa amani.