Unga Mwekundu kwenye Nyufa za Pichi

Ketaki, wewe ndiye unayejua kusoma, basi msomee mdogo wako Soham polepole, na akitaka kukimbia mshike shati, maana maneno haya ni yenu wote wawili na sijui kama nitapata nafasi ya kuyasema tena. Nimelala wadi ya moyo, kitanda cha dirishani. Saa nane mchana wananifungua kifua, wanibadilishie ile vali iliyoharibika tangu homa ya utotoni, na daktari amesema wengi wanaamka, amesema wengi, hakusema wote, na mimi nimelisikia hilo tu. Naogopa, wanangu. Mtaona herufi zinavyopanda na kushuka. Lakini kuna mtu nimemchukia miaka kumi na mitano, na chuki hii siwezi kuingia nayo kule ndani peke yangu, lazima nimwachie mtu, na sina mwingine ila ninyi.

Mtu huyo ni Bapusaheb Pangarkar, mwenyekiti wa chama cha kriketi hapa mjini, yule mzee wa viatu vyeupe anayewapa pipi kila mnapompelekea baba yenu chakula uwanjani. Msile pipi zake tena.

Babu yenu Namdev, baba yangu mimi, ndiye aliyekuwa mtunza pichi wa uwanja ule. Kile kipande cha katikati, hatua ishirini na mbili za udongo mweusi ulioshindiliwa, wengine wanaona udongo tu, yeye alikuwa anauongelesha. Alikuwa na ufunguo wa kabati ambalo lenyewe lilishakufa zamani, kila asubuhi anauchomeka ardhini, anauchomoa, anautazama kama umetoka na unyevu, halafu anaandika daftarini. Alinifundisha nikiwa mdogo kuliko wewe Ketaki. Mechi ya Test ni siku tano, alisema, na pichi nzuri inazeeka kama mtu. Siku ya kwanza ina nyasi na unyevu kidogo, wanaorusha kwa kasi wanaringa. Siku ya pili na ya tatu imetulia, wapigaji wenye gongo wanashiba. Ya nne inaanza kupasuka, na ya tano mpira ukiangukia ufa unageuka kama nyoka aliyekanyagwa, hapo sasa wanaorusha mipira ya kuzunguka wanacheka. "Kila mtu apate siku yake," alikuwa akisema, "ndipo watu wanarudi kesho yake." Ukiilainisha ikawa kama barabara, watu wanasinzia vitini. Ukiikausha kupita kiasi, mchezo unakwisha upesi, na aliyekata tiketi ya siku ya mwisho anabaki na karatasi mkononi.

Leo ni sikukuu ya Navami, mnajua wenyewe, vyombo vyote vya kazi vimepumzika. Rola ya kushindilia pichi imeoshwa na kuvishwa maua ya njano, imepakwa kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, na kila jembe, kila ndoo, kila ufagio umetiwa kidoti chake, na hakuna wa kugusa kitu mpaka kesho. Pichi haina mtu siku hii. Pangarkar analijua hilo kuliko makuhani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Navami kama leo, na mechi ya Test inaanza keshokutwa yake. Baba alishafanya ibada ya vyombo akarudi nyumbani, akanituma nikachukue sinia ya shaba tuliyoisahau juu ya rola. Nikamkuta Pangarkar, wakati huo katibu, amesimama pembeni ya pichi, na watu wawili nisiowajua wamepiga magoti wanakwangua kwa brashi za waya, pale pale kwenye ncha mbili, mpira unapodondokea. Vumbi linapanda. Akaniona.

"Binti Namdev," akasema huku anatabasamu, "njoo hapa. Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Bapusaheb."

"Safi. Maana ukiwa umeona, baba yako hana kazi. Na ukiwa hujaona, nani atamgusa?"

Nikachukua sinia nikaondoka. Sikusema. Nilinyamaza ili baba asifukuzwe, wanangu, na akafukuzwa.

Maana mechi ilikwisha siku ya tatu kabla ya chakula cha mchana. Mpira ulikuwa unaruka, unalala, unageuka, wageni wanaanguka mmoja mmoja, na timu yetu ikashinda, ndicho alichokitaka Pangarkar, ushindi wa haraka apigwe picha. Lakini mwamuzi mkuu akaandika kwamba pichi ni mbovu, na uwanja ukanyang'anywa mechi za Test. Pangarkar akasimama mbele ya kamera akasema, "Mtunza pichi wetu alizembea." Siku ya nne watoto wa shule za vijijini wakashuka kwenye malori na vyakula vyao vimefungwa kwenye vitambaa, wakakuta geti lina kufuli. Nimewaona kwa macho yangu wakila chapati zao barabarani. Tangu hapo mji huu umeuchoka mchezo wa siku tano, watu wakahamia mechi za muda wa saa tatu zenye muziki, na ukiwauliza wanasema ule mrefu ni utapeli.

Baba aliikuta brashi moja imetupwa kwenye mtaro. Akaenda nayo ofisini. "Tazameni, haina kidoti. Vyombo vyangu vyote vina kidoti. Hii imetoka nje." Wakamcheka. Pangarkar akamwambia, "Namdev, unataka tukapeleke kidoti mahakamani?" Na mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika sinia ile ile, na bado sikufungua mdomo.

Akaishia kubeba magunia ya vitunguu sokoni. Vijana walimpachika jina. "Siku Tatu, shikamoo! Siku Tatu, hivi vitunguu vitafika siku ya nne?" Anacheka nao, akifika nyumbani hali chakula. Amekufa hajui kwamba mwanawe aliona. Hilo ndilo deni langu mimi, na halina mwingine wa kulilipa.

Sasa sikilizeni nilichofanya, hata baba yenu hakijui mpaka leo. Mnadhani kwa nini nilimng'ang'ania Dattu, baba yenu huyo, aniombee kazi pale uwanjani, na moyo wenyewe huu? Miaka tisa nimefagia, nimeziba nyufa kwa kijiko, nimeinamisha kichwa, "Ndiyo Bapusaheb, sawa Bapusaheb." Nilikuwa nasubiri Test irudi, na imerudi, Alhamisi inaanza. Wiki iliyopita nikamsikia kwenye simu, "Ikauke kabisa, nataka Jumamosi tuwe tumeshamaliza." Nikajua. Mtu akishaiba siku moja bila kukamatwa, siku ile ile ndiyo atakayoirudia. Basi Jumapili, nikiwa naziba nyufa kwenye zile ncha mbili kama kawaida yangu, nikazijaza kumkum. Pakiti kumi na moja. Juu nikafunika kwa udongo mkavu unene wa ukucha, nikaupigapiga kwa kiganja. Asiyekwangua haoni kitu. Anayekwangua...

Subirini, baba yenu anapiga simu.

Nimecheka mpaka nesi amenikaripia. Ngoja niandike yote kabla dawa waliyonipa haijanichukua, maana ulimi umeanza kuwa mzito.

"Mama Ketaki," ananiambia, anahema, "umefanya nini wewe?"

"Kwani kuna nini?"

"Nimekuja kuwasha taa ya ibada pale kwenye rola, nakuta wanaume wazima wekundu mpaka kwenye viwiko! Viatu vya Bapusaheb vyekundu, suruali nyekundu, na amejifuta jasho, ana kidoti katikati ya paji la uso kama jembe letu!"

"Mwamuzi mkuu yupo?"

"Yupo! Amefika mapema na nahodha wa wageni, amewakuta wamepiga magoti. Anapiga picha. Bapusaheb anamwambia ni maua ya rola yamepeperushwa na upepo."

"Na brashi?"

"Ameshazichukua. Amesema hawachezi pale, watahamia pichi ya pembeni."

Ya pembeni, wanangu. Ile waliyosema ni ya mazoezi. Ile niliyoimwagilia kwa kufuata daftari la babu yenu, ufunguo wake mkononi, miezi minne, hakuna aliyeniuliza.

Basi shikeni haya. Ufunguo na daftari ni vya Ketaki, viko kwenye kopo la unga wa dengu. Kesho vyombo vikishaamka, nenda na baba yako, uchomeke ufunguo ncha zote mbili. Ukitoka na udongo umeshikamana kidogo, mwambie maji basi, asiongeze hata kikombe. Sinia ya shaba ni ya Soham. Sufuria langu aliloazima shangazi yenu alirudishe, nimemkumbusha mara nne.

Pangarkar msimsamehe. Watu watakuja na maneno matamu, mama yenu alikuwa na moyo mzuri, uongo, moyo wangu mbovu na daktari anao ushahidi. Nikifa akaja na shada la maua, mwambieni arudi nalo. Akiwapa pipi, mwulizeni kwa sauti, mbele za watu, "Bapusaheb, kile kidoti cha pajini kimetoka?" Na mkienda sokoni, kwa wale wa vitunguu, semeni jina kamili. Namdev Kharat. Mtunza pichi.

Alhamisi mkae jukwaa la mashariki, kuna kivuli asubuhi. Chukueni chapati na chatini ya karanga. Mkae siku zote tano. Soham atachoka siku ya pili, alale mapajani mwa baba yake. Msiondoke. Siku ya tano utaona, Ketaki, mpira utaangukia ufa, utageuka, uwanja wote utasimama. Hapo mwite babu yako. Piga kelele. Mwambie mama aliona. Mwambie aliona, alichelewa tu.

Wamekuja na kitanda cha magurudumu. Herufi zinakimbia. Naogopa, lakini kidogo kuliko asubuhi.

Mungu awape miguu ya kusimama na midomo ya kusema. Awape siku zenu zote, ya kwanza mpaka ya tano. Soham, vaa kofia. Ketaki, mshike mkono... ufunguo... usiongeze maji.