Mama Mikono-Nyuma, Mlezi Aliyejizuia

Marehemu alikuwa na kanuni ambayo hakumlegezea mtu: katika makao yake ya wanyama waliookolewa, mgeni hamshiki mnyama. Kila kundi lilipoingia langoni, wawe wanafunzi au wakubwa wa ofisi, neno lake la kwanza lilikuwa, “Mikono nyuma.” Ndiyo maana wengi waliofika hapa leo wanamjua kama Mama Mikono-Nyuma.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mpiga chapa. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1979 akahitimu stashahada ya afya ya mifugo.

Aliajiriwa kukagua wanyama kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege. Huko alikuta kasuku waliosokomezwa ndani ya mabomba ya plastiki, wengi wakiwa wamekufa. Mwaka 1991 aliacha kazi, akafungua makao katika kiwanda cha matofali kilichokuwa kimefungwa. Aliwapokea wanyama waliochukuliwa kutoka kwa wasafirishaji haramu na kwa watu waliowafuga kwa kujionyesha, na akawaeleza wageni waziwazi nani aliwaumiza na kwa nini. Somo lake halikuwa na masihara, ingawa kasuku mmoja aliyetoka baa alizoea kumkatiza mbele ya wanafunzi: “Dada, ongeza moja baridi.” Naye alijibu bila kugeuka, “Tumefunga, mzee,” akaendelea kufundisha.

Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye baadaye alitengeneza kila banda la makao hayo. Mumewe hupenda kusema, “Nilioa mke mmoja, nikaletewa mashemeji wenye manyoya.”

Mwaka 1998 aliletewa sokwe jike mchanga kutoka hoteli moja, ambako alivalishwa gauni na kupigwa picha na wageni. Wafanyakazi walimwita Kigauni. Marehemu alimnywesha maziwa kwa chupa na kumlaza kwenye kapu kando ya kitanda chake.

“Mama, huyu ni mdogo wangu?” kitindamimba wake aliuliza.

“Hapana, mwanangu. Ni mgeni, na kwao tutampeleka.”

Mwaka 2001 Kigauni aliingizwa kwenye banda la sokwe wenzake. Kanuni ya pale ilikuwa kwamba aliyemlea sokwe haingii tena wala hampi mkono, ili mtoto ajifunze kuishi na wa kwao. Marehemu ndiye aliyeitunga. Kigauni alilia, akanyoosha mkono kwenye wavu. Mume wa marehemu alishindwa kuvumilia.

“Mke wangu, mguse tu mara moja. Nani atajua?”

“Yeye atajua. Na kesho ataningoja mimi badala ya kuwafuata wenzake.”

Kuna waliomwita mwenye moyo wa jiwe. Walikosea. Kumpenda kiumbe si kumfanya akuhitaji milele, na marehemu alilijua hilo kuliko wanaokuja na kamera.

Mwaka 2021 aliugua figo. Alipodhoofika, binti yake alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye banda. Kigauni alikuja wavuni akiwa amembeba mwanawe kifuani, akanyoosha mkono. Mlinzi wa banda alisema taratibu, “Mama, leo mguse tu. Hakuna atakayekulaumu.”

Marehemu alimtazama yule mtoto akinyonya. “Analea mwenyewe,” alisema. “Hilo ndilo nililolitaka. Haya, nirudisheni nyumbani.”

Alifariki tarehe 9 Agosti 2023, akiwa nyumbani kwake, mumewe akiwa pembeni.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na wafanyakazi wa makao ambayo milango yake iko wazi hadi leo.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema. Alimlea Kigauni kwa miaka mitatu, na baada ya hapo hakumshika tena maisha yake yote.