Verlon Stidham na Wimbo Uliokuwa Umebaki

Marehemu Verlon Amos Stidham alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 huko Ball Creek, wilaya ya Knott, Kentucky. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Enoch Stidham, mchimba makaa ya mawe na mhubiri, na marehemu Mama Ova. Siku hiyo kijito kilikuwa kimefurika, mkunga akakwama ng'ambo, na mtoto akapokelewa na bibi yake huku nyumba nzima ikipiga kelele. Watu wa kwao wanasema wasiwasi wa Verlon ulianzia hapo. Alikuwa mtu wa kuhangaika tangu utotoni hadi uzeeni, na familia yake haitamvisha leo utulivu ambao hakuwa nao.

Alianza masomo mwaka 1955 katika shule ya chumba kimoja ya Ball Creek, kisha akasoma sekondari mjini Hindman na kumaliza mwaka 1967. Walimu walimkumbuka kama mwanafunzi aliyekabidhi karatasi ya mtihani, akatoka, halafu akarudi kuiomba tena. Lakini shule yake hasa ilikuwa nyumbani. Katika kanisa la baba yake hakuna chombo cha muziki kinachoruhusiwa. Mzee mmoja husoma mstari, na watu huuimba polepole kwa sauti zao tupu. Kwa hiyo mandolini ya Verlon, chombo kidogo cha nyuzi nane, ilipigwa ndani ya kibanda cha kukaushia nyama, na Mzee Enoch akipita nje alijifanya kiziwi. Kibarazani, Mama Ova alikuwa na wimbo wake wa kukatia maharage mabichi, wimbo ambao hata jina haukuwa nalo. Wanawe wawili waliuimba pamoja naye: Verlon sauti ya kwanza, na kaka yake Arlis, aliyemzidi miaka miwili, sauti ya juu. Arlis alikuwa akimtazama mdogo wake mdomoni ili waanze neno pamoja na kulimaliza pamoja, kama wafanyavyo ndugu wote wa milima hii wanaoimba wawili.

Baada ya shule marehemu alifanya kazi mgodini kwa kipindi kimoja tu cha baridi. Msimamizi wake alimuuliza, "Stidham, wewe unalipwa kuchimba au kukodolea dari macho?" Verlon alijibu kwamba kwa maoni yake dari lilihitaji mtu wa kulitazama muda wote, na ikaishia hapo. Mwaka 1969 alihamia Lexington, akawa fundi wa kutengeneza vyombo vya nyuzi, kazi aliyoifanya maisha yake yote, hata baada ya kurudi Ball Creek.

Mwaka 1974, yeye na Arlis, pamoja na mpiga banjo Coy Banks na wenzao wengine, walianzisha bendi ya Slate Hollow. Walipiga vyombo vilevile vya babu zao, bila umeme wowote, ila waliyoyapiga babu zao wasingeyatambua. Wimbo ulianza kama wa kucheza kwenye ghala la nafaka, ukageuka katikati, ukabadili mwendo, ukatangatanga muda mrefu, ndipo ukarudi. Vijana walikaa sakafuni kusikiliza. Wazee walivaa kofia zao wakaondoka, na Verlon hakulala akiwafikiria hao walioondoka.

Mawazo hayo mapya yalikuwa ya Verlon. Arlis aliyavumilia. Katika tamasha la Julai 1983, Verlon alipanga kipande kirefu kisicho na neno hata moja, na Arlis, mwimbaji bora kuliko wote wilayani, akasimama jukwaani na gitaa lake akingoja kiishe.

"Leo nimekuwa fenicha," Arlis alisema waliposhuka.

"Kaka, ni kimoja tu."

"Kesho vitakuwa viwili. Mimi ni mwimbaji, Verlon. Kama huna kazi na mdomo wangu, niambie sasa hivi."

Verlon aliogopa kusema neno baya, kwa hiyo hakusema lolote, na katika yote ambayo angeweza kusema hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Arlis alihamia Dayton, Ohio, akawa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Tangu hapo ndugu hao walikutana kwenye misiba, wakazungumza kuhusu matairi ya gari. Slate Hollow iliendelea hadi mwaka 2004 bila yeye, ikasifiwa sana, na kila baada ya onyesho Verlon alimuuliza Coy kama ile sauti ya juu haikupwaya.

Tarehe 12 Juni 1976 marehemu alifunga ndoa na Delphia Sexton, dereva wa basi la shule. Alichelewa harusini. Alikuwa ameshafika mji wa Hazard alipoanza kujiuliza kama alifunga banda la kuku, akageuza gari. Delphia alimngoja mlangoni mwa kanisa na shada lake mkononi.

"Kuku wazima?"

"Wazima."

"Haya, ingia tuoane, keki inakauka."

Walibarikiwa binti mmoja, Marva, aliyezaliwa mwaka 1979, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Marehemu alikuwa baba mpole. Alikagua breki za baiskeli ya mtoto wake hadi mtoto akakata tamaa ya kuipanda.

Mwezi Februari 2017 madaktari walimwambia kwamba mapafu yake yanakuwa magumu na hayatalainika tena. Alipewa mashine ya oksijeni yenye mpira wa puani, nayo ilinguruma usiku na mchana pembeni ya kiti chake. Jambo la kushangaza ni kwamba ugonjwa wenyewe hakuuhangaikia sana. Alisema ameungoja tangu mwaka 1949.

Kilichomkosesha usingizi kilikuja vuli ya 2018. Kampuni iliyotoa santuri za Slate Hollow ilitaka kukusanya nyimbo bora za bendi katika santuri moja, na mwisho wake uwekwe wimbo mmoja mpya. Verlon alichukia wazo hilo. "Mkusanyiko wa nyimbo bora hutolewa mtu akishakwisha," alilalamika.

"Mzee wangu, ni santuri, si jeneza," Delphia alimjibu.

"Vyote viwili vina picha yako juu."

Lakini ule wimbo mmoja mpya ulimshika. Alijua anautaka upi, na alijua hauimbiki na mtu mwingine. Alitaka wimbo wa maharage wa mama yao, aimbe na Arlis, kabla pumzi haijamwishia. Tangu siku hiyo hakuwa na haja nyingine duniani.

Bwana Teague, aliyetumwa na kampuni kusimamia kazi, alimpigia Arlis. Arlis alisema sawa, ataimba hukohuko Dayton peke yake, wamtumie sauti ya Verlon na yeye atatuma yake, mafundi waziunganishe. Teague alifurahi, siku hizi ndivyo kazi zinavyofanyika. Verlon alikataa katakata. Slate Hollow walirekodi maisha yao yote wakiwa wamezunguka kipaza sauti kimoja. Hakukuwa na fundi wa kupandisha huyu na kushusha yule. Mwenye zamu alisogea, mwenye sauti kubwa alirudi nyuma, na kila mmoja alijipima kwa miguu yake. "Atanitazama mdomo akiwa Dayton?" aliuliza.

Sasa ilibidi amwombe mwenyewe. Alipiga simu, Arlis akapokea, Verlon akauliza kama Dayton kuna mvua. Alipiga wiki iliyofuata, akauliza tena kuhusu mvua. Hali yake ilikuwa ikishuka, ngazi za kibarazani zilikuwa zimeshamshinda, na bado alikuwa anaulizia mvua. Mwishowe Delphia alimnyang'anya simu.

"Shemeji, ndugu yako anataka uje muimbe kwenye kipaza sauti kimoja. Hana shida yoyote na mvua ya Ohio."

"Mbona hasemi mwenyewe?"

"Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Utakataa."

Verlon kwenye kiti chake aliacha hata kukohoa.

"Mwambie sijakataa," Arlis alisema, akakata simu.

Hayo hayakuwa majibu. Verlon aliyageuza upande huu na upande ule majuma mengi: sijakataa ni nitakuja, au ni nitakataa baadaye? Siku ya kurekodi ilipangwa tarehe 23 Februari 2019, katika studio moja ya Lexington. Asubuhi hiyo theluji ilikuwa inaanguka. Bendi ilifika, nyuzi za vyombo zikakazwa, Delphia akafungua sufuria yake ya maharage na mkate wa mahindi, na Arlis hakuwepo. Verlon alikaa dirishani akisema barabara zinateleza, gari la Arlis ni kuukuu, tena Arlis hapendi kukanyaga breki.

"Huyo mtu ni mzee wa miaka sabini na mbili," Coy Banks alimwambia. "Hajafa kwa barabara zote hizo, aje afe kwa sababu yako?"

"Ndiyo ninachoogopa hasa."

Ilikuwa imeshapita saa sita mchana mlango ulipofunguliwa na Arlis akaingia akikung'uta kofia. Alimtazama mdogo wake, ule mpira wa puani, mabega yaliyobaki mifupa. Uso ulimbadilika, akaurudisha haraka.

"Nani amekula nusu yako?" aliuliza.

"Kaka, barabara ilikuwaje?"

"Ilikuwa barabara. Wapi nisimame? Au nimekuja kuwa fenicha tena?"

"Simama hapa," Verlon alisema. "Huu una maneno."

Likazuka tatizo ambalo mwenye wasiwasi wote ule hakuwa amelifikiria. Kipaza sauti kilinasa ngurumo ya mashine. Teague alipendekeza Verlon aingie chumba cha vioo peke yake, waimbe wakitenganishwa. Verlon alitikisa kichwa, akamwashiria mkewe azime.

"Verlon, usinitanie," Delphia alisema.

"Beti tatu tu, Mama Marva."

Delphia alipiga magoti kando ya mashine na kidole juu ya swichi, macho kwa mumewe. Akaizima. Verlon alianza kuimba.

Sauti yake ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyekuwa humo ndani asiyelisikia hilo. Ilishika wimbo vizuri, kila neno lilikuwa mahali pake, lakini ilikuwa ndogo, na ya Arlis, alipoingia, ilikuwa nzima kama zamani na ikaifunika. Arlis alirudi nyuma hatua moja. Bado. Akarudi nyingine, akiwa hajatoa macho kwenye mdomo wa mdogo wake. Ubeti wa pili ulimkuta nyuma ya mpiga besi. Midomo ya Verlon ilikuwa inageuka rangi, na Arlis alizidi kurudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa mlango. Aliufungua kwa mkono wa nyuma. Ubeti wa tatu aliuimba akiwa amesimama ukumbini, nje ya chumba, kofia kifuani, na ndipo sauti mbili zikawa sawa. Teague aliinua mkono kuzuia. Coy alimtazama, Teague akaushusha. Walilimaliza neno la mwisho pamoja. Mashine ikanguruma tena.

Verlon alipopata pumzi aliuliza alichouliza miaka yote. "Imetoka sawa?"

"Umekosea ubeti wa pili," Arlis alisema kutoka mlangoni.

"Wapi?"

"Palepale ulipokuwa unakosea mbele ya mama."

Walicheka mpaka Delphia akawakataza. Teague aliomba warudie, kwa usalama tu. Arlis akamwambia hakuna kitakachorudiwa, akavuta kiti, akajipakulia maharage. Dayton hakurudi. Alikwenda na mdogo wake Ball Creek, akalala chumba cha nyuma, na Verlon akapata mtu mpya wa kumhangaikia: kama blanketi linamtosha, kama kahawa si kali.

Tarehe 13 Aprili santuri iliyokamilika ililetwa nyumbani. Verlon alikuwa hatoki tena kitandani. Alisikiliza nyimbo zote za Slate Hollow kwa mpangilio, akikunja uso palepale alipokuwa akikunja uso siku zote. Wimbo wa mwisho ulipoanza alifumba macho. Ulipoisha, kila mtu chumbani alikuwa analia isipokuwa yeye.

"Haijakaa sawa," alinong'ona.

"Nini tena, mzee wangu?"

"Arlis yuko mbali. Mwambieni asogee."

Arlis alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Aliinuka, akasogeza kiti hadi kikagusa kitanda, akainamisha kichwa karibu na cha mdogo wake. "Hapa?"

"Hapo," Verlon alisema.

Alfajiri ya tarehe 14 Aprili 2019, Jumapili ya Matawi, Mungu alimchukua akiwa usingizini, na Arlis alikuwa bado yuko hapo alipoambiwa awepo.

Marehemu ameacha mke wake Delphia, binti yake Marva na mkwewe Royce, wajukuu Tansy na Enoch, rafiki yake Coy Banks, na kaka yake Arlis. Baada ya wazee wa kanisa kumaliza zaburi, Arlis ataimba wimbo wa Mama Ova hapa kaburini. Ataimba sauti ya kwanza, ya Verlon, maana hiyo haina tena mwenyewe. Tulimuuliza nani amsaidie ile ya juu, akasema iachwe wazi.

Verlon Amos Stidham na alale salama katika amani ya Bwana. Kuhangaika sasa ni zamu yetu.