Mama Ndege, Mkulima wa Uwele na Mtama

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ndege, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe mkulima. Alisoma hadi darasa la saba. Siku moja wanafunzi waliambiwa wachore ua, yeye akachora suke la mtama. Mwalimu akasema, "Hili si ua." Akajibu, "Ni ua, mwalimu, ila hili linaliwa." Alipewa nusu ya alama, na hadi uzeeni hakukubali kwamba alikosea.

Aliolewa Agosti 1974 na baba yetu, seremala, wakapewa shamba la mchanga na changarawe nyuma ya machimbo ya mawe, mahali ambapo mvua huishia kwa majirani. Baba alitaka mahindi kama watu wengine. Mama alitaka uwele na mtama. Wakaligawa shamba, kila mmoja akalima upande wake, na watu wakamcheka mama kwamba analima chakula cha ndege. Ndipo jina lilipopatikana. Hakulikasirikia. Masuke yalipokomaa alitoka alfajiri na debe bovu, akazunguka shamba akiligonga debe na kupiga kelele kufukuza ndege mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka 1984 mvua zilikatika mapema. Mahindi ya baba yalikauka yakiwa kimo cha goti. Uwele wa mama ulitoa kidogo, nao ukaliwa ukaisha. Kikabaki kibuyu kimoja cha mbegu, kimening'inizwa juu ya meko, mbegu zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Watoto walilia, baba akaomba, mama akakataa katakata. "Hicho ni cha mwakani," alisema, akawachemshia majani.

Lakini nyanya yetu, mama mkwe wake, alikuwa kitandani, hawezi tena kumeza majani. Asubuhi moja alimwita. "Mwanangu, natamani uji."

Mama alitoka, akakaa kizingitini kwa muda mrefu. Kisha akaingia jikoni, akakishusha kibuyu, akaziosha mbegu, akazianika, akaanza kusaga. Baba alimkuta kwenye jiwe la kusagia.

"Mama watoto, tutapanda nini?"

"Sijui," alisema. "Ila mama hatakufa njaa mikononi mwangu."

Nyanya alikunywa uji ule mpaka siku aliyofariki. Baada ya mazishi mama alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwa miguu hadi kwa dada yake, safari ndefu, akarudi na fundo la mbegu za uwele mfupi, ule unaokomaa haraka. Mvua ziliporudi, baba mwenyewe alimwambia, "Panda na upande wangu." Mbegu zile zilipita mkono kwa mkono hadi kwa wale waliomcheka. Hakuna aliyezifuata akaondoka mikono mitupu. Sharti lake lilikuwa moja: ukivuna, mpelekee mwingine.

Mwaka 1991 alimzika kitinda mimba wake, aliyechukuliwa na homa. Alirudi shambani wiki hiyo hiyo. Waliopita njiani walimsikia akipalilia huku akilia.

Mwaka jana kifua kilianza kumbana, na daktari akamkataza vumbi la kupura nafaka. Alitii kwa shingo upande. Akawa anakaa barazani kusimamia wengine, akiwaambia wakwe zake kwamba wanapepeta kama wanaopungia wageni mkono. Januari alilazwa, na Jumanne tarehe 13 Februari 2024, mchana, alifariki dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe, wajukuu, na dada yake mkubwa, yule wa mbegu. Uwele wake bado umesimama shambani, wanawe watauvuna.

Baba hakuweza kusimama mbele yenu. Ameomba liongezwe neno moja tu: kwamba leo asubuhi amekula. Anasema marehemu angetaka kujua.

Mungu ampokee mama yetu, na ampumzishe kwa amani.